Watunzi Wadogo na Wenye Mashine

Mchezo wa video ni kazi ya utunzi kama ulivyo utenzi au hadithi. Una wahusika, una mahali, una mwanzo na mwisho. Tofauti yake ni kuwa mwenye kuusoma huingia ndani yake na kutenda. Lakini mshairi aweza kutunga kwa wino na karatasi, kisha akalisoma shairi lake barazani bila ruhusa ya mtu. Mtunzi wa mchezo hana uhuru huo. Kazi yake yahitaji mashine, na mashine zina wenyewe. Konsoli, yaani mashine za michezo ziunganishwazo na televisheni, zimo mikononi mwa makampuni matatu hasa: Sony na Nintendo za Japani, na Microsoft ya Marekani. Atakaye mchezo wake uchezwe humo hana budi kubisha hodi mlangoni kwao. Kwa hiyo, namna makampuni haya yanavyowasaidia watunzi wa kujitegemea si habari ya biashara peke yake. Ni habari ya nani atasimulia hadithi, na kwa lugha gani.

Katika jiji la Arusha mashine hizo si ngeni. Viko vibanda vya gemu ambamo vijana hulipa fedha kidogo kwa kila mechi ya mpira. Nje, mawingu yakiondoka, Mlima Meru huonekana wote kwa urefu wake wa zaidi ya mita 4,500; ndani, viwanja ni vya Uingereza na Hispania, na sauti ya mtangazaji ni ya Kiingereza. Si mbali na vibanda hivyo viko vyuo. Tengeru pana Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na Njiro pana Chuo cha Uhasibu, ambako vijana wa rika lilelile husomea kompyuta. Toka kibandani hata chuoni ni safari fupi ya daladala. Toka kucheza mchezo hata kuuza mchezo ni safari nyingine kabisa.

Historia ya mlango huo ni fupi, lakini ina mafunzo. Mwaka 1979 baadhi ya watunzi wa kampuni ya Atari ya Marekani waliondoka, kwa kuwa majina yao hayakutajwa katika kazi zao wala malipo yao hayakulingana na faida. Wakaunda Activision, kampuni ya kwanza kutunga michezo kwa ajili ya konsoli ya mtu mwingine. Atari ikawashtaki mwaka 1980. Mwaka 1982 wakapatana kuwa Atari ilipwe sehemu ya mauzo. Kisha soko likafurika michezo mibovu, na mwaka 1983 likaanguka. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilitia kufuli ya umeme ndani ya mashine yake, mchezo usio na idhini usichezeke. Hata waliopewa idhini waliwekewa mpaka wa michezo 5 kwa mwaka.

Mtandao ndio uliolegeza kufuli hiyo, kwa maana mchezo haukuhitaji tena kasha wala rafu ya duka. Microsoft ilifungua Xbox Live Arcade mwaka 2004, na mwaka 2008 mchezo wa Braid, wa Jonathan Blow, ulithibitisha kuwa kazi ya watu wachache yaweza kusifiwa sawa na kazi ya mamia. Hata hivyo ada zilikuwa nzito. Mwaka 2012 watunzi wa Fez walitangaza kuwa hawatarudia kusahihisha kosa lililobaki katika mchezo wao, maana ada ya masahihisho ilikuwa makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 2013 ada hiyo iliondolewa, na Agosti ya mwaka huo Microsoft ikatangaza mpango wa ID@Xbox: mtunzi aliyekubaliwa hupewa bure mashine 2 za kutungia, na huutoa mchezo wake mwenyewe bila kupitia kwa mchapishaji. Sony nayo, ilipoitangaza PlayStation 4 mwaka huohuo, ilimpandisha Blow jukwaani. Na mwaka 2019 ilimkabidhi Shuhei Yoshida, mmoja wa wakuu wake, kazi ya kuwaangalia watunzi wa kujitegemea.

Wema huu una sababu zake. Konsoli isiyo na michezo ni sanduku tupu, na michezo mikubwa huchukua miaka mingi na fedha nyingi. Watunzi wadogo hujaza nafasi hiyo, nao hujaribu mambo ambayo wakubwa huogopa kuyajaribu. Basi pande zote mbili hupata. Lakini hazipati sawa. Mchezo wa Journey wa mwaka 2012, uliotungwa na studio ndogo ya Marekani kwa fedha za Sony, ulipata sifa duniani kote. Na studio hiyo ilikuwa imeishiwa kabisa ulipomalizika. Sifa ni chakula cha moyo, haijazi sufuria.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni Tales of Kenzera: ZAU. Mtunzi wake mkuu, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Baada ya kufiwa na baba yake aliyageuza majonzi yake kuwa hadithi: kijana Zau afanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Mchezo ulichapishwa na kampuni ya Electronic Arts Aprili 2024, ukaingia katika konsoli zote tatu. Na Sony ikautia siku ileile katika maktaba ya wateja wake wanaolipa kwa mwezi. Tena, mchezaji akipenda, wahusika wote husema Kiswahili. Ni jambo la heshima kubwa kwa lugha. Hata hivyo, mwaka uleule studio ya Salim ilitangaza kupunguza wafanyakazi, ikawa kutafuta mfadhili mpya. Na mchezo wake uliofuata, Dead Take wa mwaka 2025, ulichapishwa na kampuni nyingine.

Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Hadi mwaka 2024, katika nchi za kusini ya Sahara, duka la mtandao la PlayStation lilikuwa rasmi Afrika Kusini. Tanzania haikuwamo, wala Kenya. Konsoli ilisema Kiswahili, lakini duka lake halikuitambua nchi ya Waswahili. Mkazi wa Arusha aliyetaka kuununua mchezo huo humo ilimpasa ajiandikishe kama mkazi wa nchi ya mbali. Mei 2024 dunia iliona uzito wa orodha hiyo: Sony ilipowataka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, mchezo ule uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Sony ililiacha sharti lenyewe kwa makelele ya wachezaji, lakini orodha ilibaki orodha.

Wakulima wa kahawa wa miteremko ya Meru wangelielewa jambo hili upesi. Mtu hupanda, hupalilia, huchuma na kuanika. Bei ya buni yake hufuata soko la New York. Kumpa mkulima mche bora ni msaada wa kweli, lakini mche haumpi kauli katika soko. Kadhalika, mtunzi wa Tengeru akipewa mashine ya kutungia amesaidiwa nusu, maadamu jirani yake hawezi kuinunua kazi yake kwa jina la nchi yake na kwa fedha ya nchi yake.

Nusu ya pili si muhali. Sony ilianzisha mpango wa kuwalea watunzi wa China mwaka 2016, na wa India mwaka 2023. Januari 2024 mfuko wake wa uwekezaji ulitia fedha katika Carry1st, kampuni ya Afrika Kusini inayochapisha michezo ya simu. Penye wanunuzi wengi wanaoonekana, wenye mashine huja wenyewe. Na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi wanachama 8 tangu mwaka 2024, yamo Arusha kwenyewe. Nchi moja ikibisha hodi yaweza kusahauliwa nje. Nchi nane zikibisha pamoja ni soko. Kazi ya vyuo ni kuandaa watunzi, na kazi ya serikali ni kuwadai wenye maduka waitaje nchi katika orodha zao. Mambo haya mawili yasipokwenda pamoja, kijana hodari ataitunga hadithi ya kwao Meru, kisha itamlazimu aipeleke ng'ambo ndipo watu wa Meru waruhusiwe kuicheza.