Mwili wa Simba, Mifupa ya Kitoto: Jamaa wa Bugene na Mbwa Wake wa Status

Kama unafuatilia status za vijana wa Karagwe, utakuwa umeshaona: siku hizi mbwa ni dili. Siyo yule mbwa wetu wa kufukuza tumbili kwenye migomba, hapana. Ni German Shepherd, Rottweiler, Boerboel. Wanasafirishwa kwenye boksi kutoka mjini, wakishuka Bugene wanapigwa picha kuliko bibi harusi.

Jamaa mmoja wa palepale Bugene naye akajivutia wake, German Shepherd dume. Kufika miezi mitano masikio yamesimama, kifua kimetuna, watoto wakimwona wanahama njia. Jamaa akaona huyu sasa ni wa mazoezi. Kila alfajiri anapanda pikipiki, nyuma kabeba mshkaji wa kurekodi, mbwa kafungwa kamba anakimbia pembeni kwenye lami ile inayotoka Kyaka, kilima kupanda, kilima kushuka. Video zikatembea, wadau wakamwaga moto kwenye koment. "Komando huyo!" "Mashine!"

Kumbe mashine yenyewe bado ni mtoto, na hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Mbwa wa aina hii anazaliwa na nusu kilo hivi, lakini kabla ya mwaka na nusu dume anaweza kufika kilo 30 mpaka 40. Mwili unatangulia, mifupa inakuja nyuma inahema. Karibu na ncha za mifupa kuna gegedu laini, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kwa mbwa wakubwa gegedu hizo hukomaa na kuwa mfupa kamili kati ya miezi 12 na 18, na majitu kama Great Dane huchelewa zaidi. Kabla ya hapo sehemu hiyo ni dhaifu kuliko hata kano zinazoshika kiungo. Sasa mchukue mtoto huyo, mkimbize kwa kasi moja bila kupumzika, juu ya lami ngumu, kila siku. Na mbwa hana mdomo wa kusema nimechoka. Anavyompenda bosi wake, atakimbia tu.

Wa kwanza kushtuka hakuwa mdau yeyote wa mtandaoni, ni bibi yake jamaa. "Mjukuu wangu, huyu mtoto mbona anaamka kama mimi?" Jamaa akacheka. Wiki haijaisha, mbwa akawa akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura. Jamaa akakimbilia duka la dawa kununua diklofenaki. Bahati nzuri kabla hajampa akampigia bwana mifugo, akafokewa vizuri tu: dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake.

Bwana mifugo alipofika alimshika nyonga, akaikunja na kuinyoosha, mbwa akalia. Akasema wazi kwamba bila eksirei hawezi kuapa, na kwamba ubovu wa nyonga mara nyingi ni wa kurithi. Ila pikipiki inaisha leo, na kilo zipungue.

Habari ya kilo jamaa hakuitegemea. Alikuwa anamjaza ugali na dagaa, juu anamwekea unga wa mifupa "awe na nguvu". Madini ya kalsiamu yakizidi kwa mtoto wa mbwa mkubwa, mwili wake hauna breki nzuri ya kuyakataa, na mifupa inakua vibaya. Unene nao ni mzigo. Marekani watafiti waliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote, nusu wakipewa chakula pungufu kwa robo. Waliokula kidogo nyonga zao zilikuwa nzima zaidi, na waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao.

Sasa afanye mazoezi gani? Wafugaji wengi wana kipimo cha haraka: dakika tano za kutembea na kamba kwa kila mwezi wa umri, mara moja au mbili kwa siku. Miezi minne, dakika 20. Siyo sheria ya sayansi, ni kipimo cha kukutia adabu tu. Kucheza mwenyewe ni kitu kingine: anakimbia kidogo, ananusa, anachimba, akichoka analala. Usimrushie mpira mara hamsini, usimruhusu kuruka kutoka kwenye kirikuu, na akiwa mdogo ngazi mbebe.

Na hapa Bugene ina bahati ambayo jamaa hakuiona. Norway walichunguza watoto wa mbwa wa aina kubwa, matokeo yakatoka 2012: waliopanda ngazi kabla ya miezi mitatu walikuwa kwenye hatari zaidi ya ubovu wa nyonga, na waliozaliwa shambani na kucheza bila kamba walikuwa kwenye hatari ndogo. Udongo laini chini ya migomba, majani makavu, nafasi ya kuzunguka, vyote vipo nyuma ya nyumba. Muhimu awe kwenye uzio, amemaliza chanjo zake, na ya kichaa cha mbwa isikosekane.

Mbwa wa jamaa sasa ana miezi 11. Kapungua, anatembea shambani na bibi taratibu, hachechemei kama zamani. Ila asubuhi za baridi bado anaamka kwa kujivuta, na hakuna anayejua kama hiyo itaisha.

Kwa hiyo wewe unayejichanga ununue wako: kabla ya kuuliza bei, omba kuwaona wazazi wake wanavyotembea. Halafu jiulize kama unaweza kumvumilia mwaka mzima na nusu akue, bila kumgeuza kontenti. Wewe wako unamfanyisha mazoezi gani? Shusha koment hapo chini.