Sare Bila Picha

Kila Januari shule zinapofunguliwa, hapa mitaani utawaona watoto wakizurura asubuhi ilhali wenzao wamo darasani. Ukimwuliza mmoja sababu, atatazama chini na kukwambia hana sweta. Ni kweli serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka 2003. Mwaka huo mimi nilikuwa mwanafunzi, na madarasa yalifurika hadi tukabanana wanne kwenye dawati moja. Lakini sare na viatu vilibaki mzigo wa mzazi, na mzazi anayefua nguo za watu kwa kibarua huanza kwanza na unga na kodi ya nyumba.

Kwetu Dandora kuna kikundi cha akina mama 9 na wazee 2 ambacho nimeshirikiana nacho kwa miaka 4 sasa. Wahenga walinena kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na hawa si matajiri hata kidogo. Mmoja huuza mitumba, mwingine mandazi. Mwenyekiti ni fundi wa cherehani. Kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa mwezi. Mimi mwenye mshahara wa gazeti (nao, msomaji, si wa kuringia) huongeza kidogo.

Sharti letu ni moja: mtoto haitwi mbele ya watu kukabidhiwa sare. Mwalimu humdokezea mwenyekiti nani anataabika, naye humwita mzazi kibandani kwake. Mtoto hupimwa kama mteja mwingine yeyote. Siku ya kuchukua nguo, mzazi hulipa shilingi 50 mtoto akiona, na mtoto huenda zake akijua mamake ndiye aliyemnunulia.

Sharti hilo limetugharimu. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alijitolea kulipia sare za watoto 30, mradi wapangwe foleni uwanjani apigwe picha nao. Tulibishana hadi usiku wa manane. Muuza mitumba alishikilia kwamba picha haimuumizi mtoto, baridi ndiyo imuumizayo, na kwa hakika yeyote aijuaye Nairobi ya Julai hawezi kumpuuza mama huyo. Fundi naye alisema yeye ndiye hushika utepe. Mtoto anayejua anapewa sadaka husimama ameinamisha mabega, na nguo iliyopimwa hivyo humbana akisimama wima.

Tulipiga kura. Waliokataa masharti ya picha walikuwa 6, waliokubali 5. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale 6, na hata leo ningepiga kura hiyo hiyo, ingawa si kwa raha. Mfanyabiashara alikwenda na fedha zake. Kwa michango yetu tulishona sare 14 tu. Muuza mitumba hakununa. Wiki iliyofuata alileta sweta 3 za kijani alizozichagua kwenye marobota yake, akasema rangi inakaribiana na ya shule.

Watoto 13 waliosalia bado wamo kwenye daftari la fundi. Tunawashonea mmoja mmoja kila mchango unapotimia. Vipimo vya wawili imebidi vichukuliwe upya, kwa kuwa wamerefuka.