MAMA ALIYEPIMWA MPAKA PAJA, ILA JINA LAKE HAKUNA ALIYELIANDIKA

Leo twende Kagera, kule Karagwe kwenye migomba na kahawa. Kuna binti mmoja wa kidato cha tatu, ana miaka 16. Jina kapuni.

Binti huyu kakulia Mwanza. Biashara ya mama yake ilipoyumba, akapelekwa kuishi na bibi yake mzaa mama, kijiji kimoja si mbali na Omurushaka. Kinyambo anakisikia vizuri tu, ila kukiongea anaona aibu. Halafu ana mwili mkubwa. Wiki ya kwanza tu darasani wakampa jina la Bonge. Analiitikia, anacheka nao, akifika nyumbani anaacha nusu ya sahani. Bibi akiuliza, jibu ni lile lile: "Nimeshiba, bibi."

Sasa mwalimu wao wa historia, wenyewe wanamwita Madam, akaja na kazi ya makundi. Watu watano watano, wiki mbili, mada moja: Bweranyange. Kila kundi lilete vitu vitatu: kilichoandikwa, kinachoonekana kwa macho, na kinachosimuliwa na wazee.

Kwa asiyejua, Bweranyange ndipo yalipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, ukoo wa Wahinda. Anayetajwa zaidi ni Rumanyika. Huyu ndiye aliyewapokea Speke na Grant Novemba 1861, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1876 akampokea na Stanley. Utawala wa machifu wenyewe ulikuja kufutwa 1963, Tanganyika ikiwa tayari huru.

Kwenye kundi la binti kulikuwa na kijana mmoja kwao Nkwenda, mdomo kama redio. Akagoma mapema: "Madam, mimi kwetu Kyerwa. Hii historia ya Karagwe hainihusu."

Madam akamuuliza Kyerwa imekuwa wilaya lini. Kimya.

"2012," Madam akajibu mwenyewe. "Rumanyika hakuijua hiyo mipaka yenu. Kaa chini."

Jumamosi wakapanda bodaboda, mshikaki, mpaka Bweranyange. Asikwambie mtu, walitegemea kukuta maghofu kama yale ya Kilwa kwenye kitabu cha shule, wapige picha waposti. Wakakuta kilima, nyasi, migomba na upepo. Kijana wa Nkwenda akasema nauli yake irudishwe.

Jumatatu Madam akawaeleza. Kilwa walijenga kwa mawe, hapa nyumba za mfalme zilikuwa za miti, matete na nyasi. Nyasi haingoji miaka 160. Kilichokuwa kinadumu Karagwe ni chuma. Alama za ufalme zilikuwa mikuki, nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma, na Stanley mwenyewe aliiona nyumba walimokuwa wakizitunza. "Msiseme hakuna kitu kwa sababu hamkuona ukuta," akawaambia.

Ikabaki kazi ya kilichoandikwa. Wakachanga hela ya bando, wakaazima simu ya kaka wa mmoja wao, wakakaa chini ya mwembe baada ya shule. Kitabu cha Speke kilichotoka 1863 kipo mtandaoni bure. Kiingereza chake kigumu, kamusi pembeni, lakini wakawa wanasonga.

Mwanzoni ilikuwa raha. Speke anaandika kwamba mfalme aliwasalimia kwa Kiswahili kizuri. Yaani 1861, huku milimani, mgeni anakaribishwa kwa Kiswahili! Wafanyabiashara wa kutoka Unyanyembe walikuwa wameshafika Karagwe na kuweka kituo pale Kafuro, kwa hiyo lugha ilishaingia ikulu. Wakasoma pia kwamba ziwa lililokuwa likionekana kutoka pale wageni waliliita Windermere Ndogo, kwa kuwa liliwakumbusha ziwa la kwao Uingereza.

Halafu wakafika pale.

Ikulu ya Karagwe mwanamke mnene ndiye aliyekuwa mrembo. Wake wa familia ya kifalme walinyweshwa maziwa mpaka wengine wakawa hawawezi kusimama. Speke akaingia nyumbani kwa shemeji mmoja wa mfalme na kamba ya kupimia. Akapima mkono, kifua, paja, mguu, urefu. Kaandika vyote. Pembeni alikuwepo binti wa yule mama, miaka 16, ana chombo cha maziwa mdomoni, baba yake kashika fimbo ili asiache kunywa.

Kijana wa Nkwenda ndiye aliyeanza. "Bonge, we ulichelewa kuzaliwa. Ungekuwa malkia!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Na yeye akacheka. Akaomba atumiwe ile kurasa WhatsApp, akabeba begi lake, akaondoka.

Jioni ile hakugusa chakula kabisa. Bibi akasogeza kigoda, akakaa mbele yake. "Leo usiniambie umeshiba. Nani kakuambia nini?"

Ndipo akamweleza. Akamtafsiria kila kitu, kamba, mkono, paja, maziwa, fimbo. Alitegemea bibi akasirike, au na yeye acheke. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Jina lake nani?"

"Nani, bibi?"

"Huyo mama. Na huyo mtoto wake."

Binti akachukua simu ya bibi, ambayo ndiyo wanayoitumia nyumbani, akaifungua ile kurasa na kuisoma tena. Urefu wa mama upo, mpaka inchi. Miaka ya mtoto ipo. Jina la mama halipo. La mtoto halipo.

"Basi huyo mgeni wako alikuwa na kamba, hakuwa na maongezi," bibi akasema.

Binti akamwambia kuna kitu kingine. Yule mama hakukubali hivi hivi. Alikubali baada ya mgeni kumwonyesha na yeye mikono na miguu yake. Hapo bibi akacheka kweli kweli, akajipiga paja. "Kwa hiyo na yeye alikuwa anamshangaa mzungu! Hilo mlilisoma darasani?"

Hawakulisoma. Walikuwa wameshaanza kucheka.

Usiku ule bibi akaongea mambo ambayo hakuwahi kuulizwa. Alivyosikia kwa bibi yake ni kwamba maziwa yale hayakuwa ya kila nyumba, yalikuwa ya wakubwa wenye ng'ombe, na unene ulikuwa heshima, watu waseme nyumba hii imeshiba. Lakini hakuipamba. "Walikuwepo waliokuwa wakilia. Nani anapenda kunyweshwa kwa fimbo? Walitaka wanene, wakapigwa. Nyie leo mnataka muwe wembamba, mnajinyima wenyewe. Fimbo yako nani kaishika?"

Binti hakuwa na jibu. Alikula.

Halafu bibi akaanza kumtajia wanawake wa kwao. Mama yake, bibi yake, mama wa bibi yake, na mmoja zaidi nyuma ya hapo. Kila mmoja na jina, alikotoka, na kitu kimoja alichokumbukwa nacho. Mmoja alikuwa mkali shambani, mwingine alizika watoto watatu. Wote kwa Kinyambo, na binti akawa anarudia neno kwa neno ili asikosee kuandika. Alipokosea, bibi alimrekebisha. Ndiyo mara ya kwanza wameongea Kinyambo saa nzima.

Siku ya kuwasilisha, kundi likamsukuma yeye asimame mbele kwa sababu matani yalikuwa yameshaandaliwa. Akasoma vile vipimo vyote, polepole. Vicheko vikaanza nyuma. Akamaliza, akauliza darasa: "Anaitwa nani?"

Kimya.

"Rumanyika ana Hifadhi ya Taifa kwa jina lake toka 2019. Ziwa likapewa jina la Uingereza. Huyu ana miaka 16 kama mimi, kaandikwa kwenye kitabu kinachosomwa dunia nzima, na hana jina. Kundi letu halikulipata. Nilichopata ni haya." Akasoma yale majina manne ya kwao.

Madam hakusema kitu kwa muda. Akawaambia kila mtu arudi nyumbani akaulize manne ya kwao, walete wiki inayofuata.

Msidhani Bonge liliisha siku ile. Wapo wanaoliita mpaka leo. Ila kijana wa Nkwenda alipofunga shule alienda kwao Kyerwa kwa bibi yake. Alipata majina mawili tu. Bibi huyo kumbukumbu zimeshaanza kumpotea, la tatu alilisema nusu, akalikosa. Kijana karudi shule, kamfuata binti pembeni, kamwita kwa jina lake halisi na kumwomba amsaidie kuliandika lile nusu lisije nalo likapotea.

Hivi wewe unayesoma hapa, mama mzaa bibi yako aliitwa nani? Tuandikie jina lake hapo chini. Kama hulijui na bibi yupo, funga hii kurasa, mpigie sasa hivi.