Usiku wa Dungusi

Mwaka 1999 nilitoka Lushoto kwenda kusoma Minneapolis, Marekani, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, akaitika. Dirishani mwangu aliweka dungusi la Krismasi alilorithi kwa mama yake: pingili bapa za kijani, zimeungana moja baada ya nyingine, zikining'inia pande zote za chungu.

Nilidhani ni mmea wa jangwani, nikalinyima maji mpaka pingili zikanywea. Bibi akanieleza bila kunikaripia: kwao ni milima ya misitu karibu na Rio de Janeiro, Brazili, ambako huota juu ya miti, penye ukungu. Udongo wa juu ukikauka, limwagilie, ila maji yasituame kwenye kisahani. Niliposikia habari ya ukungu na miti, nikaiona milima ya kwetu, Usambara.

Lakini kosa lenyewe nililifanya Oktoba. Nilisoma kila usiku hadi saa saba, taa ikiwaka palepale dirishani. Krismasi ikafika bila hata tumba moja. Bibi alisimama mlangoni, akalitazama dungusi la mama yake, akarudi jikoni. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno. Kumbe dungusi hili hufunga tumba usiku ukirefuka: hutaka giza la saa 13 hivi mfululizo, kwa wiki 6 au zaidi, na kibaridi kidogo. Mimi nimekulia mahali ambapo usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Ningejuaje kwamba mmea unaweza kukosa usiku?

Mwaka uliofuata nilihamishia vitabu jikoni. Jua likizama, chumbani sikuwasha taa; nilivua viatu na kupanda kitandani kwa kupapasa. Novemba nikaona kitu kwenye ncha ya pingili, chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Chungu sikukigusa, maana dungusi likisogezwa wakati huo huweza kupukutisha matumba.

Lilichanua wiki moja kabla ya Krismasi, maua ya rangi ya waridi iliyokolea, petali zimepinda kinyumenyume. Bibi aliyahesabu kwa kidole, akafika 41, akapotea, akaanza upya.

Maua yalipokwisha, alinyonga kipande cha pingili tatu, akakilaza juu ya gazeti siku chache hadi kidonda kikauke, kisha akakichomeka kwenye kopo la majani ya chai alilolitoboa chini. Akaniwekea mezani, kando ya vitabu vyangu.