Dirisha la Vitabu Misunkumilo

Msafiri atokaye Tabora kwa gari la moshi huiacha njia ya Kigoma penye stesheni ya Kaliua, akashika upande wa kusini kati ya misitu ya miombo hata afike Mpanda. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, ikafunguliwa mwaka 1950. Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, na Misunkumilo ni mojawapo ya kata zake.

Nilifika huko mwezi wa Juni, mahindi yamekwisha kuvunwa na shule zimefungwa. Mwenyeji wangu alikuwa na sanduku la vitabu vya watoto chini ya kitanda. Akaniambia, “Ndugu yangu, watoto wamepewa likizo ya shule, nao wamejipa likizo ya kusoma. Shule zikifunguliwa watakuwa wamesahau nusu ya walichokijua.”

Nchi yetu ilitunga sheria ya maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Lakini Dar es Salaam ni mbali na mtoto wa Misunkumilo. Kitabu kisipomfuata alipo, hakimfikii. Basi tukaazimia kukifanya chumba cha mbele kuwa maktaba ya likizo, na dirisha lake la barabarani kuwa mwaliko.

Tulilipamba kwa karatasi za rangi na maua, tukavipanga vitabu nyuma yake, migongo ikielekea nje. Watoto walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Siku ya tatu binti mmoja mdogo akasimama akasema, “Shikamoo, mjomba. Vitabu hivyo vinauzwa, au ni vya kutazama tu?”

Mwenyeji wangu akainamisha kichwa. Tulikuwa tumepamba dirisha, tukasahau kufungua mlango.

Jioni ile tuliyaondoa mapambo mengi. Tukavigeuza vitabu ili majalada yaonekane, tukaviweka chini, kadiri ya macho ya mtoto. Kimoja tukakifungua palipo na kisa kizuri, kila siku ukurasa mwingine, ili atakaye mwisho wake aingie ndani. Mlangoni tukaandika: “Karibu, azima kitabu, urudishe.” Kisha tukachora mti wa mninga usio na jani hata moja, kila amalizaye kitabu na kutusimulia habari yake hubandika jani la karatasi lenye jina lake.

Huko nje mininga ya kweli ilianza kupukutisha majani kwa kiangazi; wetu ulizidi kuchipua. Yule binti alikuwa akichukua kitabu kwenda kumsomea bibi yake asiyejua kusoma. Siku moja bibi alikuja mwenyewe akisema, “Nami nimekisikia chote. Jani langu liko wapi?” Akapewa, nalo likabandikwa kando ya la mjukuu wake.

Enyi wazazi, si kila mji wenye maktaba, lakini nyumba nyingi zina dirisha. Litumieni likizo ijayo, hata kwa vitabu vitano. Wala msishughulike mno na mapambo: mtoto akipita, na aone kitabu, na akute mlango u wazi.