Kitambaa cha Mvua



Katika mwezi wa Shaaban tulisafiri, sisi na ahali yetu, hadi kaunti ya Kakamega, kumzuru mwanafunzi wetu wa zamani anayesomesha madrasa karibu na Mumias. Njia hiyo waliipita wazee wa pwani katika misafara ya karne ya 19, na kupitia kwao Uislamu ukaingia Wanga, hata Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Wao walikwenda kwa miguu. Sisi tulikwenda kwa basi, na bado tukalalamikia migongo.

Kakamega ni nchi ya maji. Msitu wake ndio masalia ya pekee nchini Kenya ya ule msitu mkubwa wa mvua uliotanda hadi Kongo, na mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, takriban mara mbili ya ile ya Mombasa. Kwa hivyo tulistaajabu mama wa nyumba alipotwambia: "Sheikh, mvua ipo, lakini siku hizi haitimizi ahadi."

Akatusimulia. Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, naye akaharakisha kupanda mahindi. Kisha likaja jua la wiki tatu. Mbegu zikachipua, zikafa. Akanunua nyingine kwa fedha zilizowekwa kwa karo ya binti yake, na binti akakaa nyumbani muhula mzima.

Binti huyo ndiye aliyeanza kupima. Alikata chupa ya plastiki, akaibandika rula, na kila baada ya Swala ya Alfajiri akaandika kiasi cha mvua daftarini. Lakini daftari lilikaa juu ya kabati bila msomaji. Nyanya wa nyumba hiyo, ambaye kauli yake ndiyo hufuatwa shambani, hajui kusoma, na macho yamemfifia.

Ndipo mama, ambaye hufuma vitambaa vya viti, akageuza tarakimu kuwa uzi. Kila wiki ni safu moja: buluu iliyokoza kwa mvua nyingi, samawati kwa haba, manjano kwa ukavu. Buluu hufumwa kwa uzi mnene, ili vidole vya nyanya viione. Kitambaa hicho hakijakamilika wala hakitakamilika. Hurefuka kila Ijumaa.

Tulitakiwa tukipapase. Nyanya akatushika mkono, akaupitisha juu ya safu moja nene, kisha tatu nyembamba. "Hapa ndipo tulipohadaika," akasema. Tangu hapo nyumba ile ina kanuni yake: hatupandi kwa buluu moja.

Baadaye tulitambua kwamba fikra hii ina ndugu zake. Mwaka 2017 Ellie Highwood, mtaalamu wa hali ya hewa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alifuma blanketi lenye rangi za joto la dunia mwaka kwa mwaka. Mwaka uliofuata mwenzake Ed Hawkins akachora michirizi ya buluu na nyekundu iliyoenea duniani kote. Na karibu zaidi, katika kaunti jirani ya Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaosoma dalili za miti, wadudu na upepo, wamekaa na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya wakalinganisha utabiri wao kabla ya msimu.

Huenda msomaji akauliza: je, hili si kuingilia ghaibu? Mwenye kudai kwamba yeye ndiye aletaye mvua, huyo hatumfuati. Lakini kupima mvua iliyokwisha kunyesha ni kuhesabu neema, na kuzitazama dalili kwa makini ni katika kushika sababu. Mteremshaji ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Nasi watu wa pwani hatukuwa wageni wa elimu hii. Wazee wetu walihesabu siku kwa miongo tangu Nairuzi, wakajua lini wasafiri na lini walime. Tumeiacha ipotee, na hali kina mama wetu bado wanasuka ukili wa rangi kila jioni.

Ahali yetu amekwisha anza mkeka wake. Safu nne za mwanzo ni manjano. Tunamwomba Mola atujaalie ya tano iwe buluu, yenye kheri na isiyo na gharika. Amin.