Likizo ya Majira ya Baridi katika Nyumba ya Wenyeji

Mwanafunzi wa mabadilishano, kwa maana inayotumika hapa, ni kijana wa sekondari anayepelekwa nchi nyingine kwa mwaka mmoja wa masomo, akasoma katika shule ya kawaida ya huko na kukaa katika nyumba ya watu waliokubali kumlea kama mtoto wao. Watu hao ndio wanaoitwa familia mwenyeji. Katika mwaka huo mzima hakuna kipindi kinachoupima mpango wote kama majuma mawili ya mwisho wa Desemba, kwa sababu shule, ambayo siku nyingine humshughulisha kijana kutwa na kumpatia marafiki, huwa imefungwa, na familia hubaki peke yake na mgeni wake katika siku zile zile ambazo kila nyumba hurejea kwenye mila zake za ndani kabisa. Kwa vijana wa pwani ya Kenya wanaopelekwa Marekani, majuma hayo yamebadilika sana, na kilichobadilika zaidi si baridi, wala chakula, wala ukarimu wa wenyeji, bali ni nafasi ya ile nyumba nyingine, iliyoachwa Mombasa au Lamu, katika maisha ya kila siku ya mgeni.

Wazo la kumweka mgeni nyumbani badala ya hotelini au bwenini lina historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1932 Mmarekani Donald Watt alianzisha mpango ulioitwa Experiment in International Living, ambao msingi wake ulikuwa kwamba watu wa mataifa tofauti hujifunza kuishi pamoja kwa kuishi pamoja hasa, na miongoni mwa vijana waliopitia mpango huo ni Sargent Shriver, ambaye mwaka 1961 alikuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps. Shirika la pili, AFS, lilizaliwa vitani: mwaka 1915 A. Piatt Andrew aliunda nchini Ufaransa kikosi cha madereva wa kujitolea waliobeba majeruhi, na baada ya Vita Vikuu vya Pili madereva wenyewe, wakiongozwa na Stephen Galatti, waliamua kugeuza kazi yao kuwa ya kuwapeleka wanafunzi wa sekondari katika nyumba za watu. Kundi la kwanza, la mwaka wa masomo 1947/48, lilikuwa na wanafunzi 52 kutoka nchi 10.

Wakenya wengi wa mwanzo hawakuingia kwa mlango huo. Ndege iliyokodiwa mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani ilibeba vijana 81, nao walikwenda vyuo vikuu, ambako makao yao yalikuwa mabweni; hata hivyo mabweni mengi yalifungwa wakati wa Krismasi, na mwanafunzi wa Kiafrika ambaye nauli ya kurudi nyumbani haikuwa jambo la kufikiriwa alihitaji mahali pa kulala, hivyo makanisa na familia za miji midogo zikawafungulia milango. Nyumbani kulijulikana kwa barua za ndege tu, zile karatasi nyepesi za buluu zilizokunjwa zikawa bahasha zenyewe, na habari ya Krismasi ilisomwa na wazazi mwezi Januari, ikiwa imekwisha kupoa.

Mlango wa sekondari ulipanuka baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Mwaka 2002 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianzisha mpango wa YES, unaobeba majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, ili kuwaleta Marekani vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, na Kenya na Tanzania zikawa miongoni mwa nchi hizo. Familia mwenyeji katika mpango wa aina hii hailipwi. Sheria ya kodi huiruhusu tu kupunguza hadi dola 50 kwa mwezi katika hesabu ya sadaka zake, kiasi ambacho, kwa kijana wa miaka 16 anayekula vizuri, hakifiki mbali. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mmoja wa vijana hao, akitoka Mombasa na kupokewa kaskazini mwa jimbo la Minnesota katika mwaka wa masomo 2007/08, na yanayofuata yanategemea kwa sehemu aliyoyaona huko na kwa sehemu aliyoyasikia kwa waliomfuata.

Jambo la kwanza lililomchanganya mtu wa pwani halikuwa baridi, ambayo kila mtu alikuwa amemwonya juu yake, bali lilikuwa mwanga. Desemba ya Mombasa ni kilele cha kaskazi, ambapo jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni na mwaka wa shule huwa umemalizika. Desemba ya kaskazini mwa Minnesota ni katikati ya mwaka wa shule, jua likichomoza kwenye saa mbili kasorobo na kutua kabla ya saa kumi na nusu, kwa hiyo mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa mawio na machweo hupoteza kabisa kipimo chake cha siku. Kwa Mwislamu athari yake huonekana katika sala, kwani adhuhuri, alasiri na magharibi, ambazo nyumbani hutawanyika ndani ya muda unaozidi saa sita, huko hujibana katika saa nne na kidogo. Mama mwenyeji, ambaye alikuwa Mlutheri na hakuwahi kumwona mtu akisali kwa namna hiyo, aliona mgeni wake akipanda na kushuka ngazi mchana wote na akadhani ni mgonjwa, na maelezo yote yalipaswa kutolewa na kijana mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuyatoa.

Chakula nacho kilihitaji mkalimani. Meza ya Krismasi katika nyumba nyingi za asili ya Norwe na Uswidi, ambazo ni nyingi Minnesota, huwa na nyama ya nguruwe, na pembeni yake lefse, mkate mwembamba wa viazi na unga unaosukumwa na kuokwa juu ya bamba la moto, ambao mtoto wa Mombasa huutambua mara moja kama binamu wa chapati. Nyama ya kuku na ya ng'ombe ilikuwa na shida yake, kwa kuwa haikuchinjwa kisheria, ila samaki hahitaji kuchinjwa, na hapo ziwa lilisaidia: familia hutembea juu ya maji yaliyoganda, unene unaoshauriwa kwa mtu wa miguu ukiwa angalau sentimita 10 hivi, hutoboa tundu, hukaa ndani ya kibanda kidogo, na huvua. Uvuvi huo wa kukaa kimya juu ya barafu ulimpa mgeni chakula asichohitaji kukiulizia na, pengine muhimu zaidi, ulimpa kazi ya pamoja na baba mwenyeji, mtu wa maneno machache ambaye mezani hakujua la kusema.

Mwaka huo Idi ya Mfungo Tatu, yaani Idd-el-Hajj, iliangukia tarehe 19 au 20 Desemba kutegemea mwandamo uliofuatwa, siku chache kabla ya Krismasi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, ukaribu huo hudumu miaka michache tu kisha hupita, hivyo vijana wa miaka ya karibuni hawakuukuta. Familia ilisafiri hadi Minneapolis, mji wenye jamii kubwa ya Wasomali, kutafuta nyama ya halali, na muuza nyama, ambaye utoto wake aliupitisha Kenya kama mkimbizi, alijibu salamu kwa Kiswahili kilichonyooka. Wenyeji walisimama kando wakisikiliza. Kwa mara ya kwanza wao ndio waliokuwa wageni, jambo ambalo hakuna ratiba ya mpango wowote ingeweza kulipanga.

Kisha ikaja tarehe 27 Desemba 2007, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, na tarehe 30 matokeo yalipotangazwa na Rais Mwai Kibaki kuapishwa jioni ile ile, ghasia zikaenea. Kabla ya kutulia zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa na mamia ya maelfu kuhama makwao. Njia ya kuwasiliana na nyumbani ilikuwa kadi ya simu, iliyonunuliwa kwenye kituo cha mafuta, ambayo mtu aliikwaruza apate tarakimu za siri, akapiga namba ndefu, na mara nyingi akapata dakika pungufu ya zilizotangazwa. Upande wa pili maduka yalifungwa na hata vocha za simu za mkononi zikaadimika. Tofauti ya saa tisa ilimaanisha kwamba usiku wa Minnesota ulikuwa asubuhi ya Mombasa, na familia mwenyeji ilikesha na kijana jikoni akipiga namba zisizoshika. Wasimamizi wa mipango hii walikuwa na desturi ya kuwashauri wanafunzi wapunguze mawasiliano na nyumbani wakati wa likizo, kwa imani kwamba sauti ya mama huamsha upweke. Ushauri huo, ambao siku za kawaida ulikuwa na busara yake, haukuwa na maana yoyote kwa juma lile. Hata hivyo lazima ikubaliwe kwamba ukimya huo wa kulazimishwa ndio uliomfanya kijana kuwa mtoto wa nyumba ile, kwa sababu hakuwa na pengine pa kupeleka hofu yake.

Hali hiyo haikudumu. Katikati ya mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti iliyokuwa ikitegemea satelaiti ikawa na kasi na nafuu ya bei. Mwaka huo huo kampuni ya WhatsApp ilianzishwa, na katika miaka iliyofuata simu yenye kamera ikafika mikononi mwa wazazi wa kawaida. Siku hizi mama aliyeko Mombasa huonyeshwa theluji inapoanguka, husimamia pilau inayopikwa umbali wa saa tisa, akikataza kwa ukali maji yasizidishwe, na saa tisa alasiri ya Minnesota, mwaka mpya unapoingia Kenya, honi za meli za Kilindini husikika mezani kwa wenyeji. Mama huyo na mama mwenyeji, mmoja kwa Kiingereza cha shule na mwingine kwa subira, huendelea kuandikiana hata baada ya kijana kurudi kwao.

Wapo wanaolalamika kwamba simu imeua mafunzo ya mwaka mzima, na kwa siku za shule, ambapo kijana hujifungia chumbani na sauti za nyumbani, lalamiko hilo lina uzito. Kwa likizo ya Desemba halina, kwa kuwa mpango ulioanza kama mgeni mmoja ndani ya nyumba ya watu umekuwa ujamaa wa nyumba mbili, ambao Watt mwenyewe asingeweza kuutengeneza kwa vyombo vya zama zake. Aliyepungukiwa ni mwanafunzi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya namna Waswahili wanavyokula, wanavyosali na wanavyowaheshimu wakubwa, na hata akiongeza chumvi kidogo hakuna aliyeweza kumkosoa. Sasa akisema kwamba nyumbani kwao vijana hawaoshi vyombo siku ya Idi, mama mwenyeji humpigia mama yake kuuliza.